Mchi wa Kisima cha Pili

Katika waandishi wote wa gazeti hili, hakuna mwenye kumbukumbu kama mimi. Kichwa changu ni kabati, kila kitu kiko kwenye droo yake. Basi wiki iliyopita nilimvalisha Bi Kwanini viatu vyekundu, na aya tatu mbele nikamvalisha vyeusi bila hata kumkalisha chini. Msomaji mmoja ameandika kuuliza kama mwanamke huyo anatembea na duka. Hapana. Ni mimi. Viatu ni vyeusi. Twende.

Tulimwacha Bi Kwanini peke yake kwenye chumba cha mafaili, karatasi moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, na mkono wa tatu umemshika bega kutoka nyuma.

Wengi mmebahatisha ni mkono wa nani. Wawili mmesema ni wa jini.

Ulikuwa wa mama wa chai.

"Sukari nikuletee, au unakunywa hivyohivyo?"

"Umenishtua!"

"Mimi? Karatasi ndizo zimekushtua. Mimi nimekukuta umeshashtuka."

Kwa wale ambao gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitunguu kabla hawajalisoma, kisa ni hiki. Kuna kilima, na inasemekana chini yake kuna jotoardhi la kutosha kuzungusha mitambo ya umeme. Fedha za umma zikanunua kifaa kipya cha kulitafuta joto hilo. Ni chuma kirefu chembamba, kinashushwa kwa waya ndani ya kisima chembamba, kinapima joto kila kinapopita. Wafanyakazi wanakiita Mchi. Mchi ukitangulia kuchungulia, mtambo mkubwa wa kuchimbia haupelekwi mahali kwa kubahatisha.

Bi Kwanini ametumwa na makao makuu kusema kama mradi huo umefaulu. Akisaini kwamba umefaulu, mtambo mkubwa unapanda Jumatatu kwenye kisima cha pili, na nyumba arobaini zilizo kando yake zinavunjwa kuupisha. Asiposaini, hazivunjwi. Fomu inatakiwa leo, saa kumi jioni.

Na sasa ilikuwa saa nne asubuhi, na karatasi alizoshika zilikuwa vipimo vya Mchi: moja ya kisima cha kwanza, nyingine ya kisima cha pili. Namba zilikuwa zilezile. Mita mia, zilezile. Mita mia tano, zilezile. Mita mia nane, nyuzi mia mbili arobaini na tatu na nukta sita huku, na nyuzi mia mbili arobaini na tatu na nukta sita kule.

"Funga faili," mama wa chai akanong'ona. "Anakuja."

Bi Kwanini hakuwahi. Mlango ulifunguka na Bwana Asilimia, mkuu wa mradi, akaingia na tabasamu lake.

"Dada yangu! Tumefika asilimia ngapi?"

"Bwana, kati ya visima hivi viwili kuna kilomita nne. Kwa nini joto limelingana mpaka nukta?"

Akazichukua karatasi, akazitazama kama mtu anayetazama picha za wajukuu.

"Umeona, eh? Hiyo ndiyo sifa ya kifaa bora. Hakibadilishi maneno."

"Nikikupima homa wewe, halafu nikampima mama wa chai, nikapata sawasawa mpaka nukta, nitasemaje?"

"Utasema wote wazima, asilimia mia."

Mama wa chai akakohoa, akatoka haraka. Alikuwa anaenda kucheka mahali penye nafasi.

"Kisha usijisumbue na makaratasi ya mafundi," Bwana Asilimia akasema. "Fomu unayo. Jaza fomu."

Fomu alikuwa nayo. Ilikuwa na maswali kumi na mawili, na ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Je, kifaa kimenunuliwa? Ndiyo. Je, kimefika? Ndiyo. Je, wafanyakazi wamepewa mafunzo? Ndiyo, na picha imeambatanishwa, wote wamevaa kofia. Je, semina ya wadau imefanyika? Imefanyika mara mbili, maana mara ya kwanza kipaza sauti kiligoma. Je, kifaa kimetoa majibu? Ndiyo. Na swali la kumi na mbili: je, kibao cha mradi kinasomeka kutoka barabarani? Kinasomeka. Hata mbuzi wanakisoma.

Hakuna mahali fomu ilipouliza kama majibu ni ya kweli.

Bi Kwanini akatoka nje, akampigia simu mkubwa wake wa makao makuu.

"Mkubwa, fomu haiulizi kama kifaa kinafanya kazi."

"Hilo linajulikana."

"Linajulikana na nani?"

"Wewe mama! Kingekuwa hakifanyi kazi, tungekinunua?"

"Lakini vipimo vya visima viwili..."

"Fomu ina maswali mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Basi usiongeze la kumi na tatu. Saa kumi, tafadhali."

Simu ikakatwa. Bi Kwanini akaitazama kama angeweza kuitafuna.

Alipogeuka, Bwana Asilimia alikuwa amesimama nyuma yake, anapangusa miwani.

"Unajua, dada, sisi ndio tulioomba uletwe wewe. Kwa jina."

"Kwa nini?"

"Uliandika mwenyewe, kwa uaminifu kabisa, kwamba mdogo wako wa tumbo moja ni fundi vipimo wetu. Wengine wakasema, huyo hafai, ana ndugu pale. Mimi nikasema, huyo ndiye. Nani atatia mchanga kwenye sahani anayokulia mdogo wake?"

Akavaa miwani, akaondoka taratibu.

Jamani. Kuna tusi la kutukanwa, na kuna tusi la kusifiwa. La pili ndilo linalouma mpaka kwenye meno.

Akamkuta mdogo wake kwenye korido. Wanamwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa sababu kazi yake ni kuichoma ardhi kwa Mchi. Ana miaka thelathini na minne, lakini akimwona dada yake anaanza kuficha mikono nyuma, kama zamani. Huyu dada ndiye aliyemlea. Ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu, na ndiye aliyemchapa alipovunja kioo cha jirani na kusema ni upepo.

"Sindano. Kisima cha pili ulishusha Mchi wewe?"

"Mimi mwenyewe, Dada. Kwa mikono hii."

"Mpaka mita mia nane?"

"Mpaka mia nane."

"Na namba zile?"

"Zilitoka hivyohivyo. Mashine, Dada. Mimi nafanyaje na mashine?"

"Niangalie usoni."

Akamwangalia sikioni.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mimi sihitaji Mchi uwe umepata moto. Ukishuka ukasema hapa ni baridi, umefaulu, maana umetuepusha kuvunja nyumba za watu bure. Umenielewa? Baridi nayo ni jibu."

"Nimekuelewa, Dada."

"Kwa hiyo ulishuka?"

"Naapa kwa marehemu mama, ulishuka mpaka chini."

Akaapa kwa mama. Bi Kwanini alitaka kuamini, na alijichukia kwa kutaka.

Hapo ndipo makelele yakaanza getini.

Mlinzi alikuwa amefungua mikono kama kipa wa mpira, na mbele yake bibi mmoja, mkunga wa kando ya kisima cha pili, anasukuma mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na mlango. Mlango mzima, wa mbao, na bawaba zake, na katikati umepakwa X nyekundu kubwa kama mtu aliyenyoosha viungo.

"Nani mwenye rangi nyekundu hapa?" bibi akauliza.

Bwana Asilimia akatoka. "Shikamoo, bibi. Karibu. Mlango huu wa nini?"

"Marahaba. Ni barua yenu. Mmeniandikia mlangoni, na mimi nimewaletea. Nisomee."

"Ina maana nyumba itaondolewa, bibi."

"Basi si mngeandika? Mimi tangu darasa la kwanza nikiona X najua nimekosa hesabu. Nimekaa tangu jana natafuta nilikokosea."

"Bibi, hili ni jambo la maendeleo. Asilimia tisini na tano ya wakazi wameshakubali."

"Tuko nyumba arobaini. Hiyo ni nyumba ngapi?"

Bwana Asilimia akatazama juu, kama jibu liko kwenye bati.

"Thelathini na nane," bibi akamsaidia. "Sasa nioneshe hata moja. Nimepita zote asubuhi hii. Wewe mtoto, mama yako nilimzalisha mimi. Watoto wenzako walitanguliza vichwa, wewe ulitanguliza miguu. Siku ileile nikasema, huyu mambo yake yatakuja kinyumenyume."

Mlinzi akageukia ukuta. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Bibi akamwona Bi Kwanini. "Na wewe ndiye mwenye kusaini?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Haya niambie, mwanangu. Chini ya kitanda changu kuna moto?"

"Ndilo ninalotafuta tangu asubuhi."

"Kama upo, sema, nitahama. Mtu hagombani na moto. Lakini kama haupo, na mnanitoa kwa sababu ya karatasi, basi nitakaa na huu mlango wangu hapa getini mpaka mzae wajukuu, na sitawazalisha."

Bi Kwanini akashusha pumzi. Akamgeukia Bwana Asilimia.

"Nataka kuona winchi inayoshusha Mchi. Nataka kuona waya."

"Fomu haiulizi waya."

"Mimi nauliza."

Tabasamu likapungua kwa asilimia kama thelathini hivi. "Winchi iko kwenye kontena. Ufunguo uko stoo."

Wapenzi wasomaji, kama mna dawa ya shinikizo la damu, mezeni sasa.

Stoo wakasema ufunguo uko kwa msimamizi wa magari. Msimamizi wa magari akasema uko kwa mlinzi. Mlinzi akasema aliukabidhi stoo, akatoa na daftari lenye saini. Stoo wakasema daftari lile la mwaka juzi, na aliyesaini ameshastaafu. Wakashauri iandikwe barua ya kuomba ufunguo wa akiba. Bi Kwanini akaandika. Wakasema barua lazima ipitie kwa mkuu wa mradi. Mkuu wa mradi akasema ataipitia baada ya chakula. Saa saba wakaenda kula. Saa nane wakarudi, barua haionekani.

"Labda nayo imeenda kula," bibi mkunga akasema kutoka juu ya mkokoteni wake.

Saa tisa Bi Kwanini akakaa kwenye ngazi, viatu vyake (vyeusi!) mkononi, soli imebanduka kwa kuzunguka. Fomu ilikuwa magotini, imejazwa ndiyo kumi na mbili. Palibaki mahali pa saini tu. Akatoa kalamu. Akaichomeka kwenye nywele. Akaitoa tena, akairudisha. Mtu anaweza kupigana na simba, lakini nani amewahi kupigana na "ngoja kidogo"?

Mama wa chai akapita na birika.

"Sasa utakunywa? Na sukari?"

"Mama, sitaki chai! Sitaki sukari! Nataka ufunguo wa kontena la winchi!"

"Si useme!"

Akavuta kamba shingoni, na ufunguo ukatoka kifuani.

Bi Kwanini akasimama ghafla. "Umekuwa nao... tangu asubuhi?"

"Sukari tunafungia humo. Ndilo kufuli pekee la ofisi hii linalofunga. Na tangu asubuhi nakuuliza kama unataka sukari!"

Wakaenda mbio, kama bibi anayesukuma mkokoteni anaweza kwenda mbio. Kontena lilikuwa nyuma ya karakana, la chuma, refu, halina dirisha. Bibi mkunga akauteremsha mlango wake na kuuegemeza mlangoni pa kontena, ukapaziba karibu pote.

"Bibi, tunahitaji mwanga."

"Na mimi nahitaji atakayeingia humu asitoke mpaka niambiwe nimekosa hesabu ipi."

Ndani kukawa giza. Bi Kwanini akapapasa ukuta wa kulia, akapata misumari. Akapapasa wa kushoto, akapata utandu wa buibui. Bibi akapapasa na yeye, akamshika Bi Kwanini pua.

"Swichi iko wapi?"

"Subirini." Mama wa chai akainama, akapitisha mkono nyuma ya gurudumu la waya, chini ya meza, nyuma ya kopo la sukari. Ta! Balbu ikawaka. "Hapa hapajui mtu asiyeingia humu mara kwa mara. Mimi, Mzee Kapi na Sindano. Fundi aliyeiweka sijui alikuwa anamficha nani. Na imelegea, ikichoka inajizima."

Mbele yao ilikuwa winchi, na gurudumu kubwa lililoviringishiwa waya wa chuma, na pembeni, umefungwa ukutani kama mgonjwa, Mchi wenyewe.

Mzee Kapi akafika anahema, mwendesha winchi, mikono yake imekula grisi mpaka mistari ya viganja haionekani. Nyuma yake Sindano. Na nyuma ya Sindano, akipenya ubavuubavu kati ya mlango na ukuta, Bwana Asilimia, suti yake imechukua rangi nyekundu kidogo.

"Nani amewaruhusu kufungua hapa?"

"Sukari," mama wa chai akasema.

Bi Kwanini hakumtazama. "Mzee Kapi, siku ya kisima cha pili winchi uliiendesha wewe?"

"Hapana, mama. Siku ile nilikwenda kung'olewa jino. Sindano alishusha peke yake."

"Na waya huu?"

"Mpya. Wa zamani ulichakaa tulipomaliza kisima cha kwanza, tukafunga huu. Umeshuka mara moja tu tangu utoke kiwandani. Kisima cha pili, basi."

"Waya ukishuka kisimani, unarudi vipi?"

Mzee Kapi akafurahi. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kiwandani wanaupaka grisi ya njano, mama, kama siagi. Ukishuka huko chini, maji moto na tope na ile hewa inayonuka kama mayai viza, vinaula. Unarudi mweusi tii. Mimi siufuti kamwe. Weusi ule ndio kumbukumbu yangu."

Sindano alikuwa ameficha mikono nyuma.

"Uzungushe," Bi Kwanini akasema.

Mzee Kapi akafunga ncha ya waya kwenye gurudumu tupu, akashika mpini. Waya ukaanza kuhama kutoka gurudumu hili kwenda lile, na saa ya kuhesabia mita ikawa inalia tik, tik. Upande wa Mchi ndio uliotangulia. Mweusi tii.

Mita hamsini. Mweusi.

Mita mia. Mweusi. Bwana Asilimia akaanza kupiga mluzi mdogo.

Mita mia mbili. Mweusi. Sindano akafumba macho.

Mita mia tatu. Mweusi. Bi Kwanini akahisi moyo unamtulia. Labda kweli. Labda aliapa kwa mama kwa haki.

Mia tatu na tano. Mia tatu na kumi.

Mzee Kapi akaacha mpini.

Bibi mkunga ndiye aliyesogea. Akanyoosha kidole, akaugusa waya, akakiinua kwenye mwanga wa balbu. Kidole kilikuwa cha njano.

"Siagi," akasema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sasa tunajua urefu wake. Mita mia tatu na kumi.

"Sindano," dada yake akasema. Sauti ilikuwa ndogo mno.

"Nilipaka... nilipaka grisi upya, Dada. Baada ya kupima. Kuutunza."

Mzee Kapi akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Grisi ipi? Ya njano? Huu mwaka wa tatu naomba grisi! Naomba grisi, naletewa fomu ya kuombea grisi!"

Sindano akakaa chini, palepale kwenye sakafu ya chuma.

"Ulikwama, Dada."

"Mbona uliapa kwa mama?"

"Ulikwama. Kisima kimebomoka ndani. Nikauvuta, nikauvuta, nikaogopa ukikatika watasema nimepoteza Mchi wa umma. Nikautoa. Joto la pale mia tatu na kumi lilikuwa la maji ya kuogea tu."

"Ungeandika 'umekwama'! Neno moja! Ningekuandikia kazi nzuri!"

"Niliandika! Nilimpa yeye!" Akamwonesha Bwana Asilimia kwa kidevu. "Akaichana. Alikuja humu, akakaa juu ya ile ndoo, akasema, mlima ni mmoja, joto ni moja. Chukua ya kisima cha kwanza, nakili. Akasema kisima cha pili kiko karibu na barabara, na wageni watapenda kuona mtambo kutoka barabarani. Akasema nikikataa, atakuandikia wewe kwamba mdogo wako ni mzembe."

Macho yote yakahamia kwa Bwana Asilimia.

Na yeye, msomaji wangu, hakutikisika. Alinyoosha tai. Akatoa leso, akajifuta rangi nyekundu begani. Nilipokuwa naandika hapa nilikaribia kumwonea wivu.

"Inasikitisha," akasema. "Inasikitisha sana kijana kumsingizia mkubwa wake. Dada, huyu ni damu yako, nakuonea huruma. Lakini haki ni haki. Amekudanganya wewe, ameapa uongo kwa jina la marehemu mama yenu, na sasa anatafuta wa kufa naye. Utamwamini nani?"

Bi Kwanini akamtazama Sindano. Mdogo wake alikuwa ameapa, na kiapo kilikuwa cha uongo. Ni nani wa kusema maneno haya ya sasa ni ya kweli?

"Hukuingia humu, bosi?" Mzee Kapi akauliza.

"Mimi? Mimi ni mtu wa ofisi. Tangu mradi uanze, kontena hili sijalikanyaga hata siku moja. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza. Asilimia mia."

"Utaapa?" bibi mkunga akauliza.

"Sina haja ya kuapa. Dada, saa kumi kasoro dakika kumi. Andika kwamba kumekuwa na kasoro ndogo ya mfanyakazi mmoja, ambaye ataachishwa kazi. Mradi umefaulu. Saini. Mtambo upande."

Sindano akaanza kulia, kimyakimya, kama wanavyolia wanaume wakubwa, bila kujua mikono waiweke wapi.

Bi Kwanini akaitazama fomu. Ndiyo kumi na mbili. Mahali pa saini. Ushahidi aliokuwa nao ulikuwa kidole cha njano cha bibi mmoja na neno la mdogo wake mwongo. Mkubwa wa makao makuu angecheka. Akaitoa kalamu kwenye nywele. Aliishika kwa hasira ya saa sita, hasira ya ufunguo, ya barua, ya kibao kinachosomeka kutoka barabarani.

Na balbu ikazimika.

Giza likaziba macho. Ndoo ikaanguka. Mzee Kapi akamkanyaga mtu, na mtu huyo akamtaja mama yake. Bibi mkunga akasema asitoke mtu, mlango nimeushika. Bi Kwanini akapapasa ukuta, akapata misumari ileile.

"Ah, taa hii nayo! Kila mara!" sauti moja ikalalamika gizani.

Ta!

Mwanga ukarudi.

Mama wa chai alikuwa amesimama mbali, kwenye kona, birika kifuani. Mzee Kapi alikuwa ameshika mpini wa winchi. Sindano alikuwa bado amekaa sakafuni, mikono usoni.

Na Bwana Asilimia alikuwa ameinama, shavu limegusa waya, mkono wake umepita nyuma ya gurudumu, chini ya meza, nyuma ya kopo la sukari, na kidole kimetulia juu ya swichi.

Alibaki ameinama vilevile, maana kuinuka kungekuwa kukiri.

Bi Kwanini akafunika kalamu yake. Tik.

Mama wa chai akalikumbatia birika lake, akainamisha kichwa kwa adabu yote.

"Karibu tena, bosi," akasema.